Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na TCU: tangazeni hesabu inayowapanga vijana vyuoni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU),
Nakala kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu nchini.

Waheshimiwa,

Ninafundisha sayansi ya kompyuta, na eneo langu la utafiti ni algorithimu, yaani hatua za ukokotozi ambazo kompyuta inazifuata kutoka kwenye swali hadi kwenye jibu. Wengi wakisikia hivyo hudhani natengeneza programu za simu. Sitengenezi. Kazi yangu ni kuuliza: njia hii ya kukokotoa inafika kwenye jibu sahihi kila mara? Inachukua hatua ngapi? Na je, mjanja anaweza kuichezea ikampendelea? Nawaandikia kwa sababu sijayasikia maswali hayo yakiulizwa hadharani juu ya jambo linalogusa maelfu ya familia kila mwaka: namna wahitimu wa kidato cha sita na wa stashahada wanavyogawiwa nafasi za vyuo vikuu.

Naomba mambo mawili yanayokwenda pamoja. Machaguo ya waombaji yarudi kukusanywa mahali pamoja. Na kanuni ya hesabu inayowapanga itangazwe wazi, hatua kwa hatua, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Hali ilivyo mnaijua kuliko mimi, lakini niruhusuni niieleze kama mtu wa algorithimu anavyoiona. Leo mwombaji anaomba kwa kila chuo peke yake, kila chuo na mfumo wake, kila chuo na ada yake ya maombi. Kila chuo kinapanga orodha yake bila kujua vyuo vingine vinafanya nini. Majina yakitoka, kijana mwenye ufaulu mkubwa anajikuta amechaguliwa vyuo vitatu au vinne. Anatumiwa namba ya siri kwenye simu ili athibitishe kimoja. Mpaka atakapothibitisha, nafasi zile nyingine zimeshikwa, kama siti za daladala zilizowekewa mabegi kupitia dirishani.

Sasa mtazameni kijana anayemfuata kwenye orodha. Ufaulu wake unamtosha kuingia katika moja ya programu zile, yaani kozi za shahada zilizoshikiwa nafasi, na mwisho wa yote kutakuwa na kiti kitupu pale pale. Lakini awamu ya kwanza ya udahili inamwambia hajachaguliwa. Anaingiwa na hofu. Awamu ya pili anaomba kitu asichokitaka, anachaguliwa, anathibitisha haraka asije akakosa vyote. Kile kiti alichokitaka kikija kuachwa wazi, yeye ameshafungwa kwingine, na anayekipata ni mtu aliyesubiri kwa bahati au aliyekuwa na mtu wa kumwambia asubiri. Bodi ya Mikopo nayo inafuata udahili, kwa hiyo kosa la awamu ya kwanza linatembea na kijana hadi kwenye mkopo wake. Hakuna ofisa aliyefanya ubaya hapo. Kila chuo kimetenda haki kwa orodha iliyokuwa mbele yake. Tatizo liko kwenye mpangilio wa hatua, na mpangilio wa hatua ndio kitu ambacho fani yangu inakichunguza.

Jiji la New York lilipita hapa hapa. Hadi mwaka 2003, zaidi ya wanafunzi 90,000 waliokuwa wakiingia sekondari za juu za umma kila mwaka waliandika hadi programu tano, shule zikawatumia barua, na zoezi likaenda kwa awamu tatu. Katika awamu ya kwanza, wanafunzi kama 50,000 walipata nafasi, na miongoni mwao 17,000 hivi walikuwa na zaidi ya moja mkononi. Mwishoni, wanafunzi wapatao 30,000 walipelekwa shule ambayo hawakuiandika popote kwenye fomu zao. Jiji likawaita wachumi watatu waliofanya utafiti wa nadharia ya mgawanyo, Atila Abdulkadiroğlu, Parag Pathak na Alvin Roth, wakabadilisha kanuni ya kupanga. Mwaka wa kwanza wa kanuni mpya, idadi ya waliopelekwa shule wasiyoiandika ilishuka hadi kama 3,000. Kilichobadilika hasa ni mpangilio wa maswali: nani anaulizwa lini, na jibu lake linahesabiwa vipi.

Kanuni yenyewe haikuwa mpya hata kidogo. David Gale na Lloyd Shapley waliichapisha mwaka 1962, kwenye makala fupi ya kurasa saba isiyohitaji hesabu za juu. Inafanya kazi hivi. Kila mwombaji anaandika machaguo yake kwa mpangilio anaoutaka moyoni. Kila programu ina orodha yake ya waombaji, kwa vigezo vyake yenyewe. Kompyuta inampeleka kila mwombaji kwenye chaguo lake la kwanza. Programu inawashika kwa muda wale wa juu kwenye orodha yake kulingana na nafasi zilizopo, na waliobaki inawaachia. Aliyeachiwa anakwenda kwenye chaguo lake la pili, na hapa ndipo penye uzito wote: anapofika, anapimwa sawasawa na waliotangulia, kana kwamba aliandika programu ile kuwa ya kwanza. Akiwa juu yao, anashikwa, na wa chini kabisa miongoni mwa walioshikwa anaachiwa aendelee na machaguo yake. Hakuna aliyepewa nafasi ya kudumu mpaka pale ambapo hakuna tena wa kusogezwa. Hapo mgao unafungwa na kutangazwa mara moja.

Tuseme binti anayeitwa Zawadi ameandika Udaktari, kisha Famasi, kisha Uuguzi. Anashikwa kwenye Udaktari. Baadaye anafika mwombaji mwenye ufaulu mkubwa zaidi aliyeachiwa kwingine, na Zawadi anasukumwa. Anakwenda Famasi. Pale nafasi zimejaa, lakini wa mwisho kati ya walioshikwa ana pointi chache kuliko yeye. Zawadi anaingia. Hakupoteza chochote kwa kujaribu Udaktari kwanza.

Kwa waombaji 100,000 wenye machaguo matano kila mmoja, maombi yote hayawezi kuzidi 500,000, maana hakuna anayeomba mahali pamoja mara mbili. Kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi wangu inamaliza hesabu hiyo kwa muda mfupi kuliko wa kusoma aya hii.

Mgao unaopatikana ni thabiti, kwa maana ambayo Gale na Shapley waliithibitisha: huwezi kumpata mwombaji na programu ambao kila mmoja anamtaka mwenzake kuliko alichopewa. Yaani mzazi hawezi kuja ofisini kwenu na kusema mwanangu alikitaka chuo kile, ana pointi zaidi ya yule aliyechukuliwa, na bado ameachwa. Akija, mnaweza kumwonyesha kwenye karatasi kwamba sivyo.

Jambo la pili ndilo linalonifanya nikeshe. Katika kanuni hii mwombaji hapati faida yoyote kwa kuandika uongo. Njia yake bora kabisa ni kuandika anachokitaka kwa mpangilio anaoutaka, bila kubahatisha wengine wanaomba wapi. Hili limethibitishwa kihisabati tangu miaka ya 1980, na si kwa kujaribu mifano tu: linashika kwa kila orodha inayowezekana. Fikirini maana yake kwa kijana wa shule ya kata Sumbawanga au Kibondo. Mwenzake wa mjini ana kaka aliyemaliza chuo, ana mwalimu wa ushauri, anajua programu gani hujaa mapema na wapi pa kujificha. Yeye anakwenda steshenari, anampa kijana wa kompyuta namba yake ya mtihani, na mara nyingi huyo wa steshenari ndiye anayemwambia aandike nini. Mfumo unaolipa ujanja unamlipa mwenye kaka. Mfumo ambao ukweli ndio ujanja wenyewe unawaweka wote wawili mstari mmoja.

Sisemi haya kwa kukisia. Kwa majirani zetu wa Kenya, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichunguza jinsi wanafunzi walivyochagua shule za sekondari, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Walikuta hata wanafunzi wenye uwezo mkubwa kabisa walikosea namna ya kupanga machaguo. Makosa yalikuwa zaidi kwa wasichana, kwa waliotoka shule za umma na kwa waliotoka shule zenye ubora mdogo, na makosa hayo yalipunguza uwezekano wao wa kuingia shule bora. Alama walizipata wenyewe darasani, kisha fomu ikawanyang'anya.

Najua mtanijibu kwamba tulishakuwa na mfumo wa pamoja. Ni kweli. Kuanzia mwaka 2010 TCU iliendesha udahili wa pamoja, na mwaka 2017 Rais John Magufuli akaagiza waombaji waombe moja kwa moja vyuoni, kwa hoja kwamba vijana walikuwa wakipangiwa vyuo wasivyovichagua. Lalamiko lile lilikuwa na haki. Lakini dawa iliyotolewa iliondoa ukusanyaji wa pamoja, ilhali ugonjwa unaweza kuwa ulikuwa kwenye kanuni ya kupanga. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Unaweza kukusanya machaguo yote mahali pamoja na bado ukayapanga vibaya.

Boston ni ushahidi. Shule za jiji lile zilipanga wanafunzi kutoka kituo kimoja, lakini kwa kanuni ya kujaza kwanza wote walioandika shule fulani kuwa chaguo la kwanza, kisha wa chaguo la pili kwa nafasi zilizobaki, na kuendelea. Inasikika kuwa ya haki. Mrudieni Zawadi: chini ya kanuni hiyo, akikosa Udaktari na kufika Famasi anakuta nafasi zimeshatolewa moja kwa moja kwa walioandika Famasi kwanza, hata wale wenye pointi chache kuliko zake. Ameadhibiwa kwa kutamani Udaktari. Mwaka ujao mdogo wake ataambiwa asithubutu. Boston iliiacha kanuni hiyo mwaka 2005 baada ya watafiti kuonyesha kasoro zake, na England ikaipiga marufuku shuleni kwake kupitia kanuni za udahili za mwaka 2007. Ndiyo maana haitoshi kuniambia kwamba mfumo ni wa kidijitali. Mfumo wa Boston nao ulikuwa wa kompyuta.

Kuna jambo ambalo wataalamu wa mifumo hawataweza kuwaamulia, na nataka liwafikie ninyi bila kupita kwa mtu. Mwaka 1982 Alvin Roth alithibitisha kwamba hakuna kanuni yoyote, iliyokwisha kubuniwa au itakayobuniwa, inayotoa mgao thabiti na wakati huohuo kuzilinda pande zote mbili dhidi ya faida ya uongo. Ukiwalinda waombaji, chuo fulani kinaweza mara nyingine kufaidika kwa kuficha nafasi au kubadilisha orodha yake. Ukigeuza upande, ni waombaji watakaobahatisha. Lazima kuchagua, na kuchagua huko ni uamuzi wa sera. Nawaomba muwachague vijana. Vyuo vina ofisi za udahili, vina wanasheria, na idadi ya nafasi zao mnaweza kuikagua. Kijana wa steshenari hana chochote kati ya hivyo.

Na tahadhari moja ya kiufundi yenye madhara makubwa: ulinzi huo unavunjika mkimwekea mwombaji kikomo cha machaguo matatu au manne. Akijua ana mistari mitatu tu, anaanza tena kubahatisha, anaacha anachokitaka ili asikose vyote. Mruhusuni aandike programu kumi na tano akitaka. Kompyuta haichoki.

Nije kwenye pointi zinazolingana, maana hapa ndipo utafiti wetu unapoingia na ndipo penye ukimya mkubwa kuliko pote. Kigezo cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni pointi 4 kwa masomo mawili yanayohusika na programu, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Kwa hiyo wenye sifa wote wanaangukia kati ya 4 na 10. Ngazi saba. Hata programu inayohesabu masomo matatu, kilele chake ni 15. Mimineni maelfu ya waombaji kwenye ngazi saba, na hakuna njia ila mamia watalingana kabisa kwenye mstari wa kukatia. Programu ina nafasi 12 zilizobaki na watu 200 wenye pointi 7. Nani anaingia? Anayetangulia kuomba? Mwenye herufi A kwenye somo fulani? Bahati nasibu ya kompyuta? Au ni mpangilio tu wa namba kwenye hifadhidata, ambao hakuna aliyeukusudia? Kila moja ya njia hizo ni sera nzito, na anayeiamua leo huenda ni mtu aliyeandika mstari mmoja wa msimbo, yaani maelekezo ya kompyuta, bila kujua kwamba ameandika sera.

Hungary, ambako udahili wa vyuo umekuwa wa pamoja tangu mwaka 1985, waliamua kwamba wenye pointi sawa hawatenganishwi: wanaingia wote au wanabaki wote. New York walitumia bahati nasibu, namba moja kwa kila mwanafunzi, ileile kwa shule zote. Zote mbili zinaweza kutetewa mbele ya mzazi kwa sababu zinajulikana.

Ukitaka zaidi ya hapo, kwa mfano mgao thabiti unaoacha vijana wachache kabisa bila nafasi huku pointi zikilingana, unaingia kwenye eneo gumu. Mwaka 1999 watafiti, wakiwemo Kazuo Iwama na David Manlove, walionyesha kwamba tatizo hilo liko kwenye kundi la matatizo ambayo hakuna mtu duniani aliyepata njia ya haraka na ya uhakika ya kuyatatua yote. Swali la iwapo njia hiyo ipo ni moja ya maswali saba ambayo taasisi ya hisabati ya Clay iliyawekea zawadi ya dola milioni moja kila moja mwaka 2000, na bado halijajibiwa. Sisemi hivyo kuwatisha. Kuna njia za kukaribia jibu zenye dhamana, yaani unajua mapema huwezi kukosea zaidi ya kiasi fulani, na kuna njia zinazofanya vizuri kwa data halisi hata kama zinashindwa kwa data za kubuni. Ni ipi inayofaa kwa ngazi zetu saba? Nchi nyingine haitatujibia, kwa sababu nyingi zina pointi zilizosambaa zaidi ya zetu. Hilo ni swali la shahada ya uzamivu, na wanafunzi wa kulifanya wapo hapa nchini. Wanachokosa ni data.

Najua hofu ya vyuo, na ni ya kweli: kwamba mfumo wa pamoja utawanyima haki ya kuchagua wanafunzi wao. Katika kanuni niliyoieleza, orodha ya kila programu inapangwa na chuo chenyewe kwa vigezo vyake. TCU haimchagui mtu. Inaendesha hesabu tu, kwa orodha zilizoletwa na pande mbili. Wala kanuni hii haiongezi hata nafasi moja ya Udaktari nchini, na mtu asiahidi hivyo. Watakaokosa watakosa. Ila watakosa wakijua kwa nini.

Uchaguzi wa kidato cha tano nao, unaofanywa na OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) kwa tahasusi, yaani michepuo ya masomo, ambazo wanafunzi wanajaza kwenye mfumo wa machaguo, unastahili maswali yaleyale. Sitauingilia kwa kirefu leo kwa sababu kule kuna mambo ya mabweni na mikoa yanayohitaji barua yake.

Kwa hiyo naomba haya yafanyike, na hayahitaji bajeti mpya kuanza. TCU itoe maelezo ya Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, yanayosema sasa hivi kila chuo kinapangaje waombaji na kinawatenganishaje wenye pointi sawa. Halafu watafiti wa vyuo vyetu wapewe data za udahili wa mwaka mmoja uliopita, zikiwa zimeondolewa majina, namba za mitihani, shule na chochote kinachoweza kumtambulisha kijana, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Machaguo yote ya mwombaji yawemo, pointi zake, na mahali alipoishia. Kwa data hiyo tutaendesha kanuni ya 1962 kando ya matokeo halisi, na kuwaambia ni vijana wangapi wangepata chaguo la juu zaidi na wangapi wangeshuka, maana wa kushuka pia watakuwepo na mnapaswa kujua idadi yao kabla ya kuamua.

Ikionekana kwamba tofauti ni ndogo, nitaandika hivyo hivyo na kutia sahihi. Ikionekana ni kubwa, basi mtakuwa na muda wa msimu mzima kuijaribu kwa programu za afya pekee, ambako ushindani ni mkali na vyuo ni vichache, kabla ya kuipeleka kwingine. Msimbo wa kompyuta unaoendesha hesabu hiyo uwe wazi kwa yeyote kuusoma. Kama kutakuwa na bahati nasibu, namba zake zichezeshwe hadharani, mbele ya waandishi wa habari na wawakilishi wa wanafunzi, na zihifadhiwe ili mtu yeyote aweze kurudia hesabu na kupata majina yaleyale.

Tuko tayari kuja Dodoma siku yoyote mtakayotuita, na kuanza na data za mwaka wowote mtakaouchagua ninyi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mhadhiri wa sayansi ya kompyuta,
Dar es Salaam